Kilifi au Watamu: Mwongozo wa Kuchagua Ukiwa Bado Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayetafuta siku chache za bahari, na ambaye hataki kukaa Mombasa wala Diani, mara nyingi hujikuta amebaki na majina mawili mkononi: Kilifi na Watamu. Miji yote miwili imo katika Kaunti ya Kilifi, yote hufikiwa kwa barabara ile ile ya Mombasa kwenda Malindi, na umbali baina yake ni mwendo wa takriban saa moja kwa gari. Ukaribu huo ndio unaowafanya watu wengi waamue kwa kubahatisha, au kwa kufuata picha iliyopendeza zaidi kwenye simu, na wakifika ndipo wanapogundua kwamba miji hii haifanani hata kidogo kwa jambo lenyewe lililowatoa nyumbani, yaani maji. Kilifi ni mji wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Watamu ni mji wa ufuo na matumbawe. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mimi huutumia ninapoulizwa na jamaa na marafiki, na sehemu yake kubwa unaweza kuimaliza ukiwa umeketi Umoja au Lang'ata, kabla hujamtumia mtu yeyote hata shilingi.

Hatua ya kwanza: Hesabu usiku, kisha hesabu watu

Anza na idadi ya usiku mtakaolala pwani, bila kuhesabu usiku wa safari. Ikiwa ni usiku mbili tu, yaani mnaondoka Ijumaa na kurejea Jumapili, uamuzi umekwisha kuegemea Kilifi, kwa sababu kila kilomita inayoongezwa baada ya Mombasa inakatwa kwenye muda wa kupumzika. Kilifi iko kama kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa. Ili ufike Watamu unaongeza takriban 50 nyingine, pamoja na kukunja kulia pale Gede na kuteremka hadi baharini. Ikiwa mna usiku nne au zaidi, Watamu inaanza kulipa, kwa kuwa mambo yake ni mengi na yametawanyika, na hayaonekani kwa siku moja.

Kisha angalia ni akina nani wanaosafiri. Wazee wenye magoti mabovu, watoto ambao bado hawajui kuogelea, na vijana wanaotaka kukesha kwenye muziki ni makundi matatu yanayohitaji mambo matatu tofauti, na hakuna mji utakaoyaridhisha yote kwa kipimo kimoja. Ninashauri kundi lichague mtu mmoja ambaye raha yake itapewa uzito wa kwanza, iwe ni mama mzazi au mtoto mdogo, na wengine wote wafuate. Kundi la WhatsApp lenye watu tisa linalopiga kura juu ya kila jambo halifiki pwani kabla ya Pasaka ya mwaka ujao.

Hatua ya pili: Tazama mwezi kabla ya kutazama bei

Hatua hii ndiyo watu wa bara huiruka, nami nitakaa nayo zaidi kuliko nyingine zote.

Katika pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku ratiba hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama, na pia unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu. Jambo la manufaa kwa msafiri ni kwamba saa za bamvua katika pwani yetu hazibadilikibadiliki. Siku za bamvua maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi hiyo hiyo ya saa nne au tano maji huwa yamejaa, na hupungua kuelekea jioni.

Sasa chukua mfano wa familia inayofika Watamu wikendi ya mwezi mpevu. Wanaamka, wanakunywa chai, wanawavalisha watoto nguo za kuogelea, na wanapofika ufuoni saa nne wanakuta bahari imeondoka. Mbele yao kuna mchanga uliolowa, madimbwi, na visiwa vya mawe ya matumbawe vilivyosimama wazi kana kwamba vimesahaulika. Mtu aliyetaka kuogelea atanung'unika mpaka alasiri. Mtu aliyelijua jambo hilo mapema atakuwa amekuja na viatu vya mpira, na atatembea na watoto hadi kwenye visiwa vile, akiwaonyesha kaa, jongoo wa bahari na samaki wadogo walionaswa kwenye madimbwi, huku akiwakataza kukanyaga matumbawe hai na wale wanyama wenye miiba mirefu myeusi. Ni ufuo ule ule na saa ile ile. Zile picha za mafungu meupe ya mchanga yaliyozungukwa na maji ya samawati, ambazo zimewavuta Wanairobi wengi hadi Watamu, zilipigwa maji yakiwa yamekupwa. Ukifika yakiwa yamejaa, fungu lenyewe liko chini.

Kilifi hubanwa na ratiba hiyo kwa sehemu moja tu. Ufuo wake wa mchanga, ambao ni Bofa, ulio upande wa kaskazini wa mji, hupwelewa kama ufuo mwingine wowote. Hori, hata hivyo, ina kina, na ndiyo maana mashua za matanga kutoka nchi za mbali hutia nanga humo; mtu anaweza kujitosa kutoka kwenye gati au mashua asubuhi, adhuhuri au jioni bila kuuliza mwezi uko wapi. Kwa mtu mzima anayejua kuogelea na ambaye ana siku mbili tu, hii ni faida kubwa kuliko idadi yoyote ya mitende. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, sifa hiyo hiyo ni hatari, kwa kuwa mahali pengi kwenye hori hakuna mteremko mpole wa mchanga. Ni jiwe, kisha kina. Tena, siku za bamvua maji yanapotoka, mkondo unaopita chini ya daraja na kuelekea baharini huwa na nguvu, na hata muogeleaji mzuri hana kazi ya kufanya hapo bila kuwauliza wenyeji kwanza.

Njia rahisi ya kupata habari hizi ni kutazama kalenda yenye alama za mwezi, au jedwali la maji la bandari ya Kilindini, ambalo hupatikana kwenye intaneti. Njia bora zaidi ni kumpigia simu nahodha wa mashua ambaye umepewa namba yake na mtu unayemwamini. Mazungumzo ya namna hiyo huenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwaja lini?"

"Ijumaa ya wiki ijayo, pamoja na watoto wawili. Tungependa kuona matumbawe."

"Ijumaa hiyo mwezi utakuwa na siku sita, ni maji mafu. Asubuhi ogeleeni hapo ufuoni, maji yatakuwa yamejaa. Matumbawe njooni kwangu saa nane."

Nahodha anayejibu kwa kuanza na mwezi ndiye wa kumchukua. Yule anayesema "njooni saa yoyote, hakuna shida" anauza nafasi kwenye mashua, na watoto wako watarudi wakiwa wameona maji ya rangi ya chai.

Hatua ya tatu: Linganisha tarehe zako na pepo

Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, na kipindi hicho huwa cha joto, mvua kidogo na bahari yenye maji meupe. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Huanza pamoja na mvua za masika, ambazo pwani hukolea Mei, kisha hutulia kuwa upepo wa baridi kidogo ambao Mnairobi aliyeacha sweta nyumbani mwezi wa Julai ataufurahia. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, na mwani hutupwa ufuoni kwa wingi, hasa Watamu. Baadhi ya hoteli za huko huuondoa kila asubuhi na nyingine huuacha, kwa kuwa mwani ni sehemu ya ufuo na husaidia kuushika mchanga. Ikiwa harufu na mrundikano wake vitakuharibia likizo, basi kati ya Mei na Septemba nenda Kilifi ukae upande wa hori, ambako mawimbi ya kusi hayafiki.

Kusi ina jambo moja la kuitetea Watamu, nalo si dogo: kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita kwenye bahari ya nje wakitoka kusini, na manahodha wa Watamu huwapeleka wageni kuwatazama. Mwenye kichefuchefu cha baharini abaki nchi kavu.

Mei ni mwezi wa kuepukwa katika miji yote miwili, isipokuwa kwa mtu anayetaka kulala na kusoma huku mvua ikipiga makuti. Hoteli kadhaa za Watamu hufungwa kabisa kwa ukarabati wakati huo. Mwisho wa Desemba nao una shida ya namna nyingine, kwa kuwa tamasha la mwaka mpya la Beneath the Baobabs huijaza Kilifi vijana kutoka Nairobi na nje ya nchi, na vyumba hupotea miezi kadhaa kabla.

Hatua ya nne: Chagua njia, kwa sababu njia nayo huchagua mji

Ukisafiri kwa ndege, Watamu ndiyo iliyo karibu. Uwanja wa Malindi hupokea ndege kutoka Nairobi, safari ni ya takriban saa moja, na kutoka hapo hadi Watamu ni mwendo mfupi wa teksi, ilhali anayekwenda Kilifi hulazimika kurudi nyuma kwa kilomita 60 hivi.

Ukisafiri kwa treni, Kilifi ndiyo iliyo karibu. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Syokimau hadi Mombasa ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na ya daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500, lakini hata baada ya kupanda bado ni nafuu kwa familia kuliko mafuta ya gari pamoja na uchovu wa dereva. Tiketi hununuliwa kwa simu kupitia *639#, na za Ijumaa na Jumapili humalizika mapema. Shida ya treni huanza baada ya kushuka Miritini: una Mombasa yote ya kuipita, kisha Nyali, kisha Mtwapa, ambako foleni pamoja na ujenzi wa kupanua barabara huweza kuigeuza safari ya saa moja kuwa ya saa tatu. Wapo wanaoikwepa kabisa. Treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani, husimama Mariakani, na kutoka Mariakani kuna barabara ya lami inayopita Kaloleni na kutokea Mavueni, kabla tu ya daraja la Kilifi. Mtu aliyeagiza gari limpokee Mariakani haoni taa za Mombasa wala vumbi la Mtwapa. Barabara hiyo huwafaa pia wanaoendesha magari yao wenyewe kutoka Nairobi. Ni yenye kona na vilima, minazi imeifunga pande zote mbili, na ni ya kupitiwa mchana.

Kuhusu kuendesha, nitasema moja tu: barabara ya Mombasa usiku ni ya malori, na likizo ya siku tatu haistahili kuanza kwa kuyapita malori gizani. Ondoka alfajiri.

Mabasi ya usiku yaendayo Malindi hupita Kilifi mjini, kisha Gede. Abiria wa Watamu hushuka Gede na kuchukua tuktuk au bodaboda kwa kilomita chache zilizobaki. Mwambie kondakta mapema, tena umkumbushe mkiwa Kilifi, vinginevyo utaamshwa Malindi.

Hatua ya tano: Jaza siku zako kwenye karatasi

Chukua karatasi, andika siku, na ujaribu kuzijaza kwa mambo ambayo mtayafanya kweli. Mji ambao karatasi yake inakuvutia zaidi unapoisoma ndio wako. Hapa chini ni malighafi ya zoezi hilo.

Watamu kwanza, maana ndiyo yenye mengi. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, si kwa fedha taslimu, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chake ili atozwe bei ya mwananchi. Nyuma ya mji kuna hori ya Mida, iliyozungukwa na mikoko, ambako ndege wahamaji hujazana kwenye matope maji yanapokupwa, na ambako kikundi cha wenyeji wa Dabaso kina mkahawa uliojengwa juu ya mikoko, maarufu kwa sambusa za kaa. Nenda huko jua likielekea kuchwa, lakini si na njaa kali, kwa maana mapishi ya hapo hayana haraka. Watamu pia kuna kituo cha Local Ocean Conservation, kinachowatibu kasa waliojeruhiwa au kunaswa kwenye nyavu na kisha kuwarudisha baharini. Kwa watoto wa shule, saa moja hapo ina thamani kuliko siku nzima ya bwawa la kuogelea.

Kisha kuna Gede. Huu ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ukahamwa kabisa kufikia karne ya 17, na msitu ukaumeza. Kaburi moja limechongwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na mtu anayelitafuta kwa makini ataliona karibu na msikiti mkuu. Kuna jumba la kifalme lenye kumbi na vyoo, visima virefu, na nyumba ambazo vyumba vyake bado vinahesabika. Mwaka 2024 Gede iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mlipe mtembezaji wa hapo. Bila yeye utaona kuta, na pamoja naye utaona mtu anaingia mlangoni, ananawa miguu na kuketi kwenye baraza. Chakula kibaki kwenye gari, kwa sababu tumbili wa Gede hawana haya. Mlangoni pana pia mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu hufuga buu wa vipepeo na kuuza nje ya nchi, na hivyo kupata sababu ya kuuacha msitu usimame.

Msitu wenyewe ni Arabuko-Sokoke, wenye eneo la takriban kilomita 420 za mraba, ambao ndio mkubwa zaidi uliosalia katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Humo yumo sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, na bundi mdogo wa Sokoke. Ingia saa kumi na mbili asubuhi pamoja na kiongozi. Anayeingia saa sita mchana ataona miti.

Kilifi, karatasi yake ni fupi zaidi, nami siihesabu hali hiyo kuwa upungufu. Ni mji wa kazi: ndiyo makao makuu ya kaunti, Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo, na soko, benki, hospitali na maduka makubwa vipo. Mgeni hukaa miongoni mwa watu wanaoendelea na shughuli zao, wala hawamfuati ufuoni. Watamu, kinyume chake, huishi kwa wageni, Waitaliano hasa, na hilo lina matokeo mawili: utapata pitsa na aiskrimu nzuri kuliko nyingi za Nairobi, na utafuatwa na mabichiboi wenye vinyago, safari za mashua na urafiki wa ghafla. Si watu wabaya. Ni watu walio kazini. "Asante kaka, leo sitaki, nikihitaji nitakutafuta" ikisemwa kwa Kiswahili na kwa tabasamu huyamaliza mazungumzo, ilhali kunyamaza huyarefusha.

Cha kufanya Kilifi ni hori. Unapanda mashua ya tanga saa kumi jioni, unapita chini ya daraja lililojengwa mwaka 1991, ambalo kabla yake watu walivuka kwa feri, na unaingia bara kwa utulivu mpaka mikoko inakaribia pande zote mbili. Upande wa kusini, juu ya jabali, kuna magofu ya Mnarani, yenye msikiti na makaburi ya kuanzia karne ya 14, pamoja na mibuyu ambayo huenda iliwaona wenyewe. Takaungu, kijiji cha kale chenye hori yake ndogo, ni mwendo mfupi kuelekea kusini.

Usiku ndio saa ya Kilifi. Katika maji ya hori kuna viumbe wadogo sana wasioonekana kwa macho ambao hutoa mwanga wanapotikiswa, na ukitia mkono majini gizani vidole vinaacha mstari wa cheche za kijani na samawati. Samaki akikimbia chini ya mashua unamwona kama njia ya mwanga, kisha hayupo. Mwezi ukiwa mpevu huoni kitu. Kwa hiyo anayekwenda kwa ajili ya mwanga huo achague usiku wa mwezi mwandamo, au asubiri mwezi utue, na amwambie nahodha azime taa zote. Hapa ndipo ile kalenda ya hatua ya pili inapoigawa miji hii waziwazi: giza ni la Kilifi, na mbalamwezi juu ya mchanga ni ya Watamu.

Hatua ya sita: Uliza maswali magumu kuhusu malazi

Maneno "karibu na bahari" hayana kipimo. Kilifi, nyumba nyingi nzuri ziko juu ya majabali, na bahari unayoiona kutoka barazani iko chini ya ngazi ndefu za mawe. Kwa hiyo usiulize ikiwa nyumba iko baharini. Uliza kuna ngazi ngapi hadi kwenye maji, na maji yakikupwa mtu anaogelea wapi. Watamu, swali ni ikiwa nyumba iko upande wa ufuo au upande wa pili wa barabara, na ikiwa iko upande wa pili, njia ya umma ya kufika ufuoni iko wapi. Fuo za Kenya ni za umma, lakini kuta za hoteli huweza kukufanya utembee nusu kilomita ukitafuta uchochoro wa kupenya.

Uliza pia kuhusu maji ya bomba, kwa sababu visima vingi vya pwani hutoa maji ya chumvichumvi yanayokataa sabuni. Kuhusu stima, na ikiwa jenereta huendesha feni au taa peke yake. Na kuhusu neti za kitandani. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 na wengi wetu tumesahau habari za malaria, ilhali pwani mbu wake bado yupo. Mjamzito na mwenye mtoto mchanga waonane na daktari kabla ya safari.

Malipo ya awali yafanywe baada ya kuiona nyumba kwa simu ya video, mwenye kuionyesha akitembea kutoka jikoni hadi langoni bila kukata. Jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla ya kuthibitisha malipo lilingane na jina la mtu mnayezungumza naye, na likitofautiana, mwombe maelezo kwanza. Bei ya mwisho ya "kaa nasi usiku tano, lipa kesho asubuhi au nafasi inakwenda" ni ya kuachwa iende.

Anayetaka kujipikia achague Kilifi, kwa sababu ya soko na maduka. Samaki ununue kwa wavuvi asubuhi, si jioni. Asiyetaka kupika ana raha katika miji yote miwili, mradi asile hotelini kila mlo: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai vyenye ukwaju jioni kando ya barabara, na wali wa nazi na samaki wa kupaka mahali ambapo madereva wa tuktuk wanakula. Katika kijiji cha zamani cha Watamu, ambacho wakazi wake wengi ni Waislamu, mtu avae kanga au shati anapotoka ufuoni na kuingia vichochoroni.

Hatua ya saba: Mkishindwa kuafikiana, gawanyeni, lakini kwa mpangilio

Kwa usiku tano au sita inawezekana kukaa kotekote, na matatu za Malindi hupita Kilifi mchana kutwa. Anzeni na Watamu, mmalizie Kilifi, msigeuze. Sababu ni ya barabara: siku ya mwisho mtakuwa tayari mmeikaribia Mombasa, au ile njia ya Mavueni na Mariakani, na hamtalazimika kuamka usiku wa manane kwa hofu ya kuachwa na treni. Anayerudi kwa treni ya alasiri akitokea Watamu moja kwa moja aondoke mapema asubuhi, kwa kuwa Mtwapa haina huruma na langoni mwa kituo cha Miritini kuna foleni ya ukaguzi wa mizigo inayoanza muda mrefu kabla ya treni kuondoka. Anayetokea Kilifi ana nafasi ya kuogelea mara moja zaidi, kunywa chai, kufunga mizigo bila kugombana na mtu, na bado akafika kwa wakati. Tiketi ya kurudi inunuliwe siku ile ile inaponunuliwa ya kwenda.